Asumini na Udongo Wake

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmekula mawe? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Sogezeni kuni, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Hapo zamani za kale, mimea ilipokuwa ikisema na aliyeipanda, palikuwa na mji wa wakulima wenye desturi yao. Msichana akiolewa, mama yake humng'olea mche wa asumini pamoja na donge la udongo wa nyumbani, akaufunga kwa jani la mgomba. Bibi harusi huenda kuupanda pembeni mwa bustani ya mama mkwe. Na mwiko ulikuwa huu: udongo ule haukung'utwi wala hauoshwi. Kuuosha ni kumtukana mama mzaa chema.

Basi Mashavu akaolewa na Makame, akaja na asumini yake, akaipanda kwenye bustani ya Bi Kirembo, mama yake Makame. Bustani ile ilikuwa na nyanya, bamia, mabilinganya, na mawaridi mlangoni. Bi Kirembo alikuwa na ulimi mkali, lakini kwa kutoa hakuwa na mfano. Binti yake Zena alipoolewa ng'ambo ya mto, alimng'olea chipukizi la asumini ile ile ya Mashavu, papo hapo pembeni, na udongo wake, akalia hadi kilemba cha mkwewe kikalowa.

Mvua zikapita. Siku moja bilinganya lililokuwa jirani na asumini likainamisha majani. Mashavu akaliinamia, akalisikia likiimba:

*Nina kiu, nina kiu,*
*maji hayafiki juu.*

Akaenda mtoni, akaja na maji, akamwagilia. Kesho yake nyanya nazo zikainama: *Nina kiu, nina kiu, maji hayafiki juu.* Akaenda mtoni, akaja na maji, akamwagilia. Kisha bamia, kisha mawaridi ya mlangoni: *Nina kiu, nina kiu, maji hayafiki juu.* Akaenda mtoni, akaja na maji, akamwagilia mpaka udongo ukawa tope. Majani yakazidi kuwa manjano. Mashavu akaanza kuogopa, maana jicho la mama mkwe lilikuwa limehama kwenye mimea, limetua kwake.

"Kabla hujaja," akasema Bi Kirembo, "bustani yangu ilikufa?"

"Haikufa, Mama."

"Ugonjwa umeanzia wapi?"

"Pembeni, Mama. Kando ya asumini yangu."

"Basi mkono wako una kitu. Waridi la mwisho likianguka, unarudi kwenu, na watu nitawaambia kwa nini."

Kurudishwa kwa neno kama hilo, nani atakuoa tena? Nani hata atakuazima moto? Makame alisimama akikuna kichwa. Alikuwa mpole, lakini mpole wa kuudhi.

Waridi la mwisho likaanza kuinama. Mashavu akatoka kwenda kulitazama, akasikia mtu akipiga kelele karibu na miguu yake. Fuko amenasa kwenye mtego wa Bi Kirembo!

"Nifungue, mke wa Makame!"

"Kumbe ni wewe unayetuulia bustani!"

"Muhogo wenu nimeguguna, sikatai. Mtamu sana, mpeni hongera aliyeupanda. Lakini hili si langu. Mimi naishi chini, najua. Umetazama majani?"

"Nimetazama."

"Umetazama shina?"

"Nimetazama."

"Umetazama mizizi?"

Hakuna aliyetazama mizizi. Mashavu akamfungua Fuko, akang'oa bilinganya. Lo! Mizizi ilikuwa na mafundo matupu, manene, imevimba kama vidole vya mgonjwa.

"Mna minyoo humo," akasema Fuko. "Midogo, hata mimi siioni. Inaingia kwenye mzizi, inakunywa, inazaa, na mzizi unavimba. Unamwagilia maji, inakunywa yenyewe kwanza."

"Imetoka wapi?"

Fuko akatazama chini. "Ng'oa asumini yako."

Mashavu akaiendea asumini. Akaing'oa. Mafundo yale yale, na udongo wa mama yake bado umeshikamana nayo. Ni kweli, basi. Yeye ndiye aliyeileta.

Enyi mnaosikiliza, ninyi mngefanya nini? Angeweza kuifukia na kumsingizia Fuko. Nje ya mlango furushi lake lilikuwa limekwisha fungwa, na majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Mashavu akaibeba asumini, akapita katikati yao, akapiga magoti.

"Mama, ni mimi niliyeleta. Si kwa mkono mbaya. Ni kwa udongo huu, ambao nilikatazwa kuuosha. Tazama."

Bi Kirembo akaushika mzizi. Akaugeuza.

"Zena," akasema. "Zena wangu nimempa kutoka hapo hapo."

Akatupa khanga begani, akakimbia. Mashavu nyuma yake, majirani nyuma ya Mashavu. Wakavuka mto na nguo zao. Wakafika kwa wakwe wa Zena, na mlangoni wakaona nini? Furushi limefungwa. Zena amekaa juu yake, macho yamevimba. Na mama mkwe wake amesimama mbele ya bustani ya manjano, akisema:

"Kabla hujaja, bustani yangu ilikufa?"

Bi Kirembo akasikia maneno yake mwenyewe katika kinywa cha mtu mwingine. Aibu ikamjaa. Akapiga magoti kwenye bustani ile, mbele ya watu wote, akachimba kwa mikono.

"Mkwe mwenzangu, usimguse mtoto. Njoo utazame mizizi."

Zena akafungua furushi siku ile. Waliporudi, Bi Kirembo akafungua la Mashavu kwa mkono wake. Mimea yenye mafundo ikang'olewa na kuchomwa, na Fuko akawaambia wapande mbangimwitu, lile gugu lenye harufu kali na vijiua vya manjano, maana minyoo ile haiupendi mzizi wake. Walikula mboga za kuombaomba muda mrefu, hilo nisiwafiche.

Tangu hapo, katika mji ule, mama mkwe humpokea bibi harusi mlangoni na bakuli la maji. Wanaosha mizizi pamoja, mikono minne bakulini, ndipo wanapanda.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Atakayeibeba kwenda kwao, aioshe mizizi.