Maji ya Achari ya Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiposana na kualikana pilau, alikuwepo Bi Kindi, mdogo wa umbo, mwingi wa maneno. Jirani yake alikuwa Bwana Fisi. Fisi mnamjua: taya kubwa, akili kiduchu.

Wawili hao walitengeneza achari ya ubia. Kindi alileta karoti, kabichi na pilipili. Fisi akatoa mtungi na chumvi. Mboga zikakaa ndani ya maji ya chumvi, zikachacha, mtungi ukawa unasema bwiku, bwiku! Na harufu yake, wanangu! Hata sasa mate yananitoka.

Achari hiyo Kindi aliitaka kwa harusi ya bintiye, Mwanahawa. Kwao, sinia la wakwe likikosa achari, wakwe huvaa viatu wakaondoka, na ndoa imekufa.

Harusi ikakaribia. Ngo! Ngo! Ngo! Fisi huyo mlangoni.

"Bi Kindi, tugawane. Mimi mkubwa, nachukua mboga zote. Wewe bakia na maji."

Moyo wa Kindi ukafanya paa! Akazitazama zile taya, akaona ubishi hautamfaa. Kisha akayatazama yale maji. Furaha ikamjaa tele, lakini akaificha, akaangua kilio.

"Uwiii! Kaka Fisi, umenimaliza! Haya, maji ni fungu langu, basi usiondoke na tone!"

"Maji ya chumvi niyapeleke wapi mimi?" Fisi akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Akazikamua mboga, chururu! Akazipangusa kwa kitambaa.

"Karoti hiyo bado imelowa," Kindi akasema, huku akipenga kamasi.

"Una uchoyo wewe, dada!" Fisi akaikausha tena, akazitia zote guniani, akaenda zake.

Kindi akafunga mlango, akacheza peke yake. Kisha mbio shambani! Akachuma karoti na kabichi mpya, akakatakata, akazitumbukiza katika maji yale yale. Maji yaliyokwisha kuchachua mboga hayaanzi kazi upya, huendelea pale yalipoachia. Kabla ya harusi, mtungi ukaanza tena: bwiku, bwiku!

Siku ikafika, wakwe wakaketi. Fisi akaingia na gunia begani, kifua mbele.

"Wakwe, mama huyu hana achari! Akinipigia magoti mbele yenu, nitamgawia kidogo."

Akafungua gunia. Puuu! Bila maji yake, mboga zilikuwa zimeoza na kuota ukungu. Bibi harusi akaziba pua.

"Toa nje uvundo huo!" wakwe wakapiga kelele.

Kindi, taratibu kabisa, akafunua sinia. Mama wa bwana harusi akaonja achari, karu, karu, karu! Akafumba macho kwa utamu.

"Mwanahawa ni wetu!" akasema, na vigelegele vikapaa.

Fisi akatoa macho. "Umeipata wapi? Mboga zote nilichukua mimi!"

"Kwenye maji yangu, kaka. Ulinipa mwenyewe, ukanikamulia mpaka tone la mwisho."

"Basi nigawie na mimi!"

"Tulishagawana," Kindi akajibu, akaongeza achari kwenye sinia la wakwe.

Nanyi wanangu, mwenye nguvu akiwaachia kitu anachokidharau, kitazameni vizuri kabla hamjalia.