Udongo wa Kwanza wa Bibi Foibe

Sogeeni niwatwike mzigo ulionishinda mimi. Nilikuwa karani wa kamati ya maadili ya mji wetu, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya madiwani, na nimefanya kazi na wenyeviti watatu. Mwalimu Lusajo alijua kusikiliza. Mama Yustina hakumwogopa mtu. Bwana Kapinga akiandika jambo, mwongo hapati pa kupenya.

Sheria yetu ilikuwa moja: mwenyekiti mwaka mmoja, basi. Tuliitaka wenyewe, maana aliyewatangulia hao alikalia kiti miaka tisa mpaka akawa swahiba wa hao hao madiwani. Na kila mwenyekiti mpya husikiliza malalamiko upya, tangu mwanzo.

Basi akaja Bibi Foibe. Diwani alikuwa amekizungushia uzio kiwanja cha bibi huyu, na ndani ya uzio mlikuwa na kaburi la Tusekile, mwanawe wa pekee. Bibi alitaka kitu kimoja tu, azikwe ubavuni mwa mtoto wake.

Ofisi zote zilikuwa zimemfukuza. Mwalimu Lusajo akamkalisha, akamsikiliza siku nzima, akafungua jalada. Mwaka wake ukaisha. Nikamwomba abaki walau mwezi mmoja amalize. Akasema, "Nikiongeza mwezi, mwenzangu ataongeza miaka." Akaondoka.

Mama Yustina akamwita bibi, bibi akaeleza upya. Watu wasiojulikana wakamchomea Mama Yustina ghala la mahindi. Kesho yake akamwita diwani mbele ya kamati, akambana mpaka akatoa hati, na hati ikaonekana ni ya kughushi. Zikiwa zimebaki siku nne kutoa uamuzi, mwaka wake ukaisha. Naye akaondoka, analia.

Bwana Kapinga akaniagiza nimwite bibi mara ya tatu. Nikamwambia mzee wa watu hawezi tena, na maelezo yote ninayo.

"Nikiruka utaratibu, diwani ataupindua uamuzi asubuhi tu," akasema.

Alikuwa sahihi, na mpaka leo inaniuma kwamba alikuwa sahihi.

Bibi akaja ameshikwa huku na huku.

"Shikamoo, bibi," akasema Kapinga.

"Marahaba, mwanangu. Nimelisema hili mara mbili. Kila nikilisema, Tusekile anakufa tena."

Akalisema. Alipomaliza akatuangalia sote. "Sina mtoto wa kunizika. Atakayenirudishia kiwanja, huyo ndiye atie udongo wa kwanza."

Kapinga aliandika uamuzi kwa siku tatu. Uzio uling'olewa Alhamisi. Bibi Foibe alikuwa amefariki Jumanne.

Tulimzika ubavuni mwa mwanawe. Mchungaji akauliza nani anaanza. Mwalimu akamwambia Mama Yustina, "Wewe ndiye uliyeunguziwa chakula cha watoto." Mama Yustina akasema, "Aliyeandika ni Kapinga." Kapinga akamgeukia Mwalimu, "Bila jalada lako ningeandika nini?" Wakasimama hivyo, mikono nyuma, jeneza liko chini linasubiri.

Ndiyo maana nawauliza ninyi. Angekosekana mmoja wao, kiwanja kisingerudi. Angevunja sheria mmoja wao, bibi angekiona kwa macho yake. Je, ungekuwa wewe ndiye mchungaji, sepetu ungempa nani?