Somo wa Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, na si zamani sana, maana hospitali zilikuwepo na foleni zake zilikuwepo, katika mji mmoja wenye joto la kuyeyusha samli kabatini, aliishi mpika vitumbua jina lake Sikudhani. Mumewe aliitwa Kibwana, mtu mwema ambaye hakuwa na la kusema. Mama mkwe wake aliitwa Bi Mwanahawa, na huyo alisema la kwake na la mwanawe.

Basi Sikudhani akaanza kusikia baridi. Mji mzima unajipepea, yeye kavaa sweta. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Akikaa mbele ya jiko anasinzia, na vitumbua vinaungua. Mimba nayo aliitaka, haikushika.

Akamwambia mumewe, "Nasikia baridi, mume wangu." Kibwana akamletea sweta la pili.

Akamwambia jirani yake, "Nasikia baridi, shoga." Shoga akapiga vigelegele. "Mimba hiyo! Mficha maradhi wewe!" Haikuwa mimba.

Akamwambia mkwewe, "Nasikia baridi, mama." Bi Mwanahawa akasema, "Ufagio una joto sana, mwanangu. Ushike."

Akaenda zahanati. Wakampa dawa ya malaria, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Akarudi tena, wakampa dawa ya malaria, kwa kuwa bado ilikuwepo. Mara nyingine akamkuta tabibu mwingine, naye akamwangalia juu mpaka chini akasema, "Mama, punguza wali." Akapunguza wali, akazidi kunenepa. Tabibu akacheka na wenzake: "Huyu anakula akiwa amejifungia."

Siku hiyo Sikudhani aliapa kuwa hospitali basi. Nyumbani nako Bi Mwanahawa alikuwa ameshaanza: "Kibwana, mke gani huyu? Hapiki, hazai, hafagii. Mrudishe kwao wakalale wote." Kibwana hakusema kitu, na Sikudhani akajua kwamba mtu asiyesema kitu ipo siku atasema ndiyo.

Sasa sikilizeni, maana watatu watakaodai tuzo ya kumponya ndio wanaingia.

Wa kwanza ni Daktari Leokadia. Alikuja kununua vitumbua, akamkuta mpishi amelala na mwiko mkononi. Hakumcheka. Alikaa naye kwenye mkeka akamuuliza, na Sikudhani akaeleza yote. Daktari akalia. Tangu hapo akawa anakuja mara kwa mara, anamshika mkono, anamwambia, "Nakuamini, dada yangu. Pole sana." Akampa vitamini za rangi nzuri. Kumpima damu hakumpima. "Mtu amechoka namna hii, nimchome na sindano? Moyo wangu hauwezi." Basi mwaka ukapita, mmoja anaumwa na mwingine analia. Mwishoni Daktari Leokadia akaona huruma yake haimfikishi mgonjwa popote. Akasikia kuna bingwa wa mambo haya katika hospitali ya mkoa. Sikudhani akakataa kwenda. Leokadia akamshika mkono, akampeleka mwenyewe, akapanga naye foleni tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na kila Sikudhani alipogeuka aondoke, alimkuta amemsimamia nyuma.

Wa pili ni huyo bingwa, Daktari Zakia. Sikudhani aliingia, akasema, "Shikamoo, daktari. Nasikia baridi." Bingwa hakuinua kichwa. Akaagiza damu itolewe. Majibu yalipokuja, akayasoma akasema, "Kuna tezi hapo shingoni, ndiyo inayouchochea mwili ufanye kazi. Yako imelala. Meza kidonge hiki kila asubuhi kabla ya kula, mpaka kufa. Mwingine!"

"Mpaka kufa, daktari? Nakufa lini?"

"Nimesema mwingine!"

Hapo jina la ugonjwa lilikuwa limepatikana, na dawa imepatikana, na mgonjwa alitoka akitetemeka zaidi ya alivyoingia. Alifika nyumbani akavitia vidonge chini ya godoro. Alisema, "Dawa ya kumezwa mpaka kufa, basi ndiyo inayoua."

Wa tatu ni Bi Mwanahawa. Alikuwa anapekua chumba cha mkwewe, kama kawaida yake, akaviona. Akamwita mwanawe. "Tazama! Amepewa dawa, na hataki kupona. Sasa nitamwonyesha. Atameza mbele yangu, na akishameza akaendelea kulala, mji wote utajua ni uvivu, na wewe utamrudisha kwao."

Tangu siku hiyo, muadhini hajamaliza kuadhini, Bi Mwanahawa yuko mlangoni na kikombe cha maji. "Meza! Toa ulimi nione. Inua ulimi. Haya, shika ufagio. Chai hainyweki kwangu kabla uwanja haujafagiwa." Hakukosa hata siku aliyokuwa na homa yeye mwenyewe. Chuki yake ilikuwa na nidhamu ambayo huruma ya Leokadia haikuwa nayo. Na kwa kuwa kidonge kile hakitaki kukutana na chakula mapema, ufagio ule na chai ile ya kucheleweshwa vikawa ndivyo vilivyokipa nafasi kifanye kazi.

Sweta la pili likavuliwa. Baadaye la kwanza. Uso ukarudi kuwa wake, vitumbua vikarudi kuwa vyake. Bi Mwanahawa akangoja aone uvivu, akaona mimba. Sikudhani akajifungua mtoto wa kike.

Katika mji ule, mtoto hupewa jina la mtu aliyemtendea mama yake wema mkubwa, na mtu huyo huwa somo wake. Si jambo la mchezo. Msichana akifika umri wa kutolewa shule akaozwe, wanaume husema yao, wanawake husema yao, lakini neno la somo ndilo humaliza. Sikudhani alijua hilo. Yeye mwenyewe somo wake aliulizwa na akaitikia tu aozwe, siku ile yeye akiwa bado ana sare ya shule mwilini.

Siku ya akika, ya kumpa mtoto jina, wote watatu wakafika. Wali umepakuliwa, shehe amekaa.

Daktari Leokadia akasema, "Aitwe Leokadia. Bila mimi asingefika kwa bingwa. Na huyu mtoto nitampenda! Akilia hataki shule, maskini, nitasema aachwe apumzike."

Bi Mwanahawa akaruka. "Leokadia! Jina gani hilo, litatamkwa na nani humu ndani?"

Daktari Zakia akasema huku anatazama saa, "Aitwe Zakia. Machozi hayaamshi tezi. Mnasema sikumtazama. Foleni yangu inazunguka jengo. Nikimtazama kila mtu usoni, wa mwisho nitamkuta maiti. Mtoto huyu atasoma, nitasema hivyo na sitarudia. Kuja kumwona, nafasi sina."

Bi Mwanahawa akasema, "Aitwe Mwanahawa! Mmoja alilia, mmoja aliandika. Aliyeamka ni nani? Dawa ilikuwa chini ya godoro, wasomi nyie! Shule mimi sioni itamfaa nini mtoto wa kike. Lakini nikiambiwa nimwamshe aende, ataamka, na viatu atavaa."

Watu wakacheka. Sikudhani hakucheka. Alimkumbatia mtoto akawauliza, "Nilipokuwa naumwa, ni nani kati yenu aliniamini?"

Leokadia akasema, "Nilikuamini, ndiyo maana sikukupima."

Zakia akasema, "Nilikupima, ndiyo maana sikuhitaji kukuamini."

Bi Mwanahawa akasema, "Sikukuamini hata kidogo, ndiyo maana umepona."

Kibwana akafungua mdomo. Watu wote wakamgeukia. Akaufunga.

Shehe akakohoa. "Mama mtoto, dua niisome kwa jina la nani? Nipe jina."

Sikudhani akamwangalia yule wa huruma, akamwangalia yule wa elimu, akamwangalia yule wa inda. Akamwangalia binti yake, aliyekuwa amelala bila habari kwamba shule yake inagawanywa.

Haya, mnaosikiliza, hasa mliowahi kuulizwa mkiwa hamna la kusema. Mtoto aitwe nani?