Ukumbi wa Vigingi Viwili

Zama za zama, katika mji wa Samarani uliozungukwa na bustani za komamanga na mifereji ya maji matamu, alitawala Sultani Mudhafar bin Ghanim, mtu mkarimu wa mali na bahili wa masikio. Na hilo la masikio ndilo lililomponza, kama mtakavyosikia ninyi ambao yenu yako wazi. Alikuwa na pete ya akiki aliyorithi kwa babu zake, na ndani ya pete alifungwa jini jina lake Darwani, ambaye pete ikisuguliwa hutokea na akiamriwa hutenda, na ungemwambia ahamishe mlima angeuhamisha na kahawa yako ungeikuta ingali ya moto. Na alikuwa na binti mmoja tu, Siti Thuwaiba, aliyefiwa na mama angali mchanga.

Binti huyu hakupenda johari wala hariri kama alivyopenda hesabu na maumbo. Siku moja, angali mdogo, alichomeka vigingi viwili katika mchanga wa uani, akafunga ncha za kamba kwenye vigingi hivyo na kuiacha imelegea, kisha akaitanua kwa kijiti na kukizungusha, na kijiti kikachora mstari uliopinda kwa madaha, si duara wala si yai, bali umbo lililo bora kuliko yote mawili.

"Baba, tazama!" akalia kwa furaha. "Kamba haikuongezeka wala haikupungua, na imezaa hili. Nani aliliweka humu?"

Sultani akacheka, akambusu kipajini, akaenda zake barazani kwa kuwa wajumbe walikuwa wanamngoja. Wajumbe wale walitaka nini, leo hakuna anayekumbuka.

Alipokuwa mwanamwali akaomba idhini ya kujenga ukumbi mpya wa baraza, na baba akampa ahadi mbele ya watu wote, akataka na kumwita Darwani amjengee. Thuwaiba akasema, "Niwie radhi, baba. Jini ataumaliza kabla sijafumba jicho, nami nataka kuuona ukizaliwa." Jini akanuna kama mpishi aliyerudishiwa sahani. Lakini tangu siku hiyo akawa anakuja kwa siri kutazama mafundi wakivuta kamba juu ya msingi, na ajabu ikamwingia, maana yeye alijua kunyanyua mawe tu, hakujua kwa nini yanasimama.

Kabla ukumbi haujaezekwa, Amiri wa nchi ya Marjani akaleta posa. Thuwaiba akasema hataki, na Sultani akasema atataka, na maneno yakapanda hata Sultani akaghadhibika mbele ya mawaziri na kula yamini: "Wallahi, sitamtia machoni binti huyu, wala sitapokea neno lake kwa mdomo wa mtu wala kwa wino wa kalamu, mpaka siku atakayokubali kuolewa!" Hasira ni hasara, lakini kiapo cha Sultani hakirudi kinywani. Ujenzi tu haukusimama, kwa kuwa nao ulikuwa ni ahadi.

Bi Tumu, somo wake aliyemfunda tangu utotoni, akalia akasema, "Mwanangu, sasa utasemaje na baba yako?"

Thuwaiba akamfuta machozi. "Baba ameapia midomo na kalamu, somo. Ukuta hakuutaja." Akachora sakafuni umbo lile la utotoni. "Ukumbi wote ni hili. Kiti cha baba kipo palipo kigingi kimoja, na mahali petu wanawake ni palipo kigingi cha pili. Nikinong'ona, sauti yangu itatawanyika pande zote, na kila kipande kikigonga ukuta kitageuka na kumwendea baba tu, na vyote vitafika pamoja, kwa kuwa kila njia ina urefu wa kamba ile ile. Atanisikia yeye peke yake. Watakaokaa katikati hawatasikia kitu."

"Huo ni uchawi, mwanangu?"

"Si uchawi, somo. Ni uzuri tu, na ulikuwapo kabla yetu." Naye alipokuwa akisema hivyo uso wake uling'aa, na Bi Tumu akakiri baadaye kwamba hakufahamu hata nusu ya maneno, lakini alifurahi kwa furaha ya yule msemaji.

Ukumbi ukatimia, na siku ya kuufungua akaja mjumbe wa Marjani na zawadi ya kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mjumbe akaangaza huku na huku, akasema kwa ulimi wa asali, "Mwenyezi Mungu akudumishe, ewe Sultani. Kwetu mfalme hukaa katikati ya watu kama mwezi mbinguni. Huku naona enzi imejibanza ukutani kama bawabu."

Sultani akaona haya, na haya ya wakubwa ni moto wa makumbi. Akasugua pete na Darwani akatokea. "Kiti changu kiwe katikati, juu ya ngazi. Na hapa kilipokuwa litundikwe tundu la ndege huyu."

Jini akainama hata paji lake likagusa sakafu. "Ewe bwana wangu, niruhusu niseme neno moja juu ya mahali hapa."

"Pete haina ulimi. Tenda!"

Na jini akatenda. Kwa desturi ya Samarani wanawake hukaa nyuma ya kiambaza cha mbao ambacho matundu yake yameelekezwa juu, ili sauti ipite na macho yasipite, basi Thuwaiba hakuona lililofanyika. Wala hakuna aliyemwambia, kwani nani angedhani kuhama kwa kiti ni habari?

Ijumaa ile, baraza liliposheheni, akanong'ona, "Baba, unanisikia?" Akangoja. Sauti ya baba yake aliisikia kwa mbali ikihukumu kesi ya mfereji, lakini jibu hakupata. Ijumaa iliyofuata akarudia, na iliyofuata, na kila mara akajipa moyo kwamba baba anaogopa macho ya watu. Na maneno yale yakapita njia zake zote, yakagonga ukuta, yakakusanyika salama mahali palepale alipoyaelekeza, na huko aliyeyapokea alikuwa ndege.

Kasuku ni mwanafunzi mvumilivu. Ikafika Ijumaa ambayo Thuwaiba alinong'ona, na ndege naye, kwa sauti ileile ndogo, akasema, "Baba, unanisikia?" Binti, nyuma ya kiambaza, akadhani ni mwangwi wake. Waliokaa karibu na tundu wakaangua kicheko: ndege amempata Sultani kuwa baba! Na Sultani, aliyependa kuchekesha watu wake, akageuza shingo akasema kwa sauti kuu, "Sikusikii! Wala sitaki kukusikia!"

Baraza zima likacheka. Nyuma ya kiambaza Thuwaiba akangoja hata watu wakatawanyika, kisha akamwambia Bi Tumu, "Apelekewe habari kwamba nimekubali."

Basi ikafanywa harusi ambayo Samarani haijaona mfano wake, na lulu za Marjani zikaja kwa makasha, na Darwani akaamriwa kupamba barabara kwa taa za rangi. Kiapo kikawa kimekwisha, na Sultani akamwendea bibi harusi, akamshika mikono na kusema, "Mwanangu, sasa sema lolote uwe nalo moyoni."

Thuwaiba akainamisha kichwa kwa adabu. "Nimekwisha kusema yangu, baba. Na wewe umekwisha kunijibu."

Sultani akadhani huo ni utii, akafurahi. Swali moja dogo, "Nilikujibu lini?", lingetosha, lakini nje ngoma zilikuwa zinalia na wageni walikuwa wanangoja, na hakuliuliza. Thuwaiba akaenda na mumewe, na mwaka haujatimia akaja tarishi na habari kwamba homa imemchukua.

Siku ya tanzia ukumbi ukajaa, na Sultani hakuweza kukaa juu ya ngazi zile mbele ya macho ya watu. Akashuka akajisogeza ukutani, akaegemea karibu na tundu la kasuku. Na hapo, sikioni mwake kabisa, akasikia mtu akilia kwa kwikwi na kunong'ona, "Mwanangu, baba yako alikuwa na moyo gani?" Akageuka, asione mtu. Naye kasuku akainua kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, unanisikia?"

Sultani akasimama wima. Akaupita umati wote hadi kwenye kiambaza, akamkuta Bi Tumu ameketi mahali pa Thuwaiba, na kizee yule hakuogopa tena Sultani wala upanga, akamweleza yote, la kamba, la vigingi na la kicheko.

"Alikuwa akiniomba nini?" akauliza Sultani.

"Hakuomba kitu, bwana. Alisema ukijibu mara moja tu, atakuambia namna ukuta unavyosema, nanyi mtacheka pamoja, na hasira itakwisha."

Akasugua pete. "Darwani, ulijua?"

"Nilijua, bwana wangu. Niliomba kusema, ukaniambia pete haina ulimi."

"Nirudishie jibu langu la siku ile."

Jini akalia, na machozi ya jini ni makali, yaliacha madoa sakafuni. "Niambie nihamishe bahari. Neno lililokwisha kusikiwa silihamishi." Sultani akaivua pete akaivunja kwa jiwe, akamwacha huru, na akamwambia achague ujira katika hazina yote. Jini hakutaka lulu za Marjani. Alichagua kamba ya Thuwaiba, akaiviringa mkononi kwa upole, akatoweka nayo.

Watu husema utawala wa Mudhafar ulidumu na mali yake ikazidi, na wanahesabu wa mbali wakaja kuustaajabia ukumbi ule na kutoka wakifuta macho. Mimi nasema: mwanao akikuita uone ajabu aliyoivumbua mchangani, wajumbe na wakae, kahawa na ipoe, nenda ukaone. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo Sultani alimlea peke yake.

Kwa kuwa kiti alikirudisha ukutani, na tundu akalitundika nyuma ya kiambaza, mahali pa Thuwaiba. Kila Ijumaa watu wakiondoka yeye hubaki, na kutoka ng'ambo ya ukumbi mnong'ono humjia sikioni, "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," hujibu. "Nakusikia."

Na ndege, ambaye hakufundishwa neno jingine, humuuliza tena.