Geuka, Bosi

"Shimo moja tu," alisema Bwana Lyatuu, tajiri aliyejiona mwenye klabu ya gofu. "Nikishinda, nabomoa kibanda chenu cha kupumzikia, niegeshe gari langu hapo kivulini chini ya mti. Na atakayemtazama mwenzake akipiga, ameshindwa!"

Namsifu, mbeba mifuko ya wachezaji, akakubali, akampa mgongo. Hakusikia mpira ukipigwa; alisikia viatu vikikimbia.

"Umetua mdomoni mwa shimo!" tajiri alipaza sauti kutoka mbali.

"Hongera, bosi. Sasa geuka, ni zamu yangu."

Namsifu akauokota mpira wake, akaelekea shimoni taratibu, kama anayekwenda sokoni.

"Mwizi wewe!" Bwana Lyatuu alifoka. "Unaubeba mkononi!"

Namsifu alisimama. "Umejuaje, bosi?"

Gari la Bwana Lyatuu linapigwa jua hadi leo.