Gari la Mhina na Kinu cha Bi Mwaija

Mvunguni mwa kitanda hamwingiliki kifua mbele. Awe tajiri, awe shujaa, mtu aliyeangusha pete yake huko chini hana budi kuweka goti na kunusa vumbi. Ndiyo sababu wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii iko midomoni mwa wengi, ila migongo inayokubali kupinda ni michache. Mhina wa Manundu, mtaa wa Korogwe, alikuwa na mgongo mgumu kama mpingo, mpaka gari lake lilipomfunza.

Siku hizo Mdachi ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na garimoshi lilikwisha fika Korogwe. Mizigo ya kwenda Handeni ilishushwa stesheni, ikapanda vichwani mwa wapagazi, nao wakashika njia ya porini kwa miguu. Mhina, kijana wa Kizigua aliyefanya biashara ya nta na ngozi, alikuwa mwembamba kama mshale na msemaji kama chiriku. Basi Mdachi mmoja mwenye shamba la mkonge alipoamua kurudi kwao kwa ajili ya maradhi, Mhina alitoa akiba yake yote akanunua gari lake.

Usidhani lilikuwa gari la mizigo. Lilikuwa gari la mashindano ya mbio, jekundu kama pilipili iliyoiva, la watu wawili, halina paa wala milango, pua yake ndefu, na fimbo yake ya gia imesimama nje ubavuni kama mkia wa mbwa mkali. Lilikwisha tumika, rangi imebabuka hapa na pale, lakini liliponguruma kuku wa Manundu walikimbilia juu ya mapaa. Yule Mdachi alimwelekeza jioni moja tu. "Kanyaga, vuta, achia," alimwambia, kisha akapanda garimoshi akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Mhina alitangaza kuwa ataliendesha mpaka Korogwe ya Zamani na kuvuka daraja la Mto Pangani. Watu walijaa njiani kama kumbikumbi. Miongoni mwao alikuwamo Mzee Sadala wa Sindeni, kijiji kilicho katika njia ya Handeni, aliyekuja kuuza asali. Huyo ndiye baba yake Tatu, binti ambaye Mhina alikuwa amepeleka posa kwake na jibu lilikuwa bado halijatoka.

Gia ya kwanza iliingia vizuri, gari likaondoka, na Mhina akainua kidevu kama jogoo aliyeona jua. Alipofika darajani akataka gia ya pili. Akakanyaga, akavuta, akaachia.

Krrrrr! Meno ya chuma yalisagana kama fisi anayevunja mfupa. Mhina akavuta kwa nguvu zaidi. Gari likaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, likakohoa, likazimika katikati ya daraja. Alijaribu tena na tena, mpaka jasho likamlowesha kanzu.

Ndipo alipojitokeza Isihaka, nyapara wa wapagazi. Alikuwa Msambaa, mtani wa Wazigua, na kamba haikosekani begani mwake. Tangu gari lile lifike hakulipenda, maana aliona litakula kazi ya watu wake.

"Mtani," alisema, "farasi wako amekataa nyasi? Ngoja tumvishe hatamu."

Wapagazi walilifunga gari kamba, wakalivuta hadi Manundu huku wakiimba, "Gari la Mhina lina miguu arobaini, na yote ni yetu!" Wanawake waliokuwa wakichota maji walicheka mpaka wakatua mitungi. Mhina, aliyekaa nyuma ya usukani usio na kazi, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Gari liliposimama, Mzee Sadala alimsogelea.

"Shikamoo, mzee," Mhina alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mhina, jibu la posa yako ni hili. Mtu asiyeweza kuongoza alichokinunua kwa hiari yake, ataongoza nyumba gani? Siku ya Idi nitakungoja Sindeni. Gari likikuleta lenyewe, Tatu ni mkeo. Ukija na kamba, rudi na kamba yako."

Kuanzia siku hiyo Mhina hakulala raha wala kula kwa utulivu. Kila asubuhi alilitoa gari uani akapambana nalo. Alilitukana, alilibembeleza, alilipiga teke gurudumu akaumia kidole. Kadiri alivyoivuta ile fimbo kwa nguvu, ndivyo meno yalivyolia. "Mdachi kaniuzia jini," alisema. Idi ikawa inakaribia, na gari halijapita gia ya kwanza ila kwa bahati.

Mama yake, Bi Mwaija, alikuwa akiyasikia yote akiwa kinuni. Kila siku yeye na binti yake Rehani walitwanga mahindi kwa kupokezana, michi miwili katika kinu kimoja, tu-tu, tu-tu, bila kugongana hata mara moja. Asubuhi moja, Mhina alipoliacha gari na kujitupa kwenye kigoda, mama yake aliegemea mchi akasema:

"Kitendawili!"

"Mama, mimi nina msiba, wewe unataka vitendawili?"

"Kitendawili, nimesema!"

"Tega."

"Ndugu wawili wana nyumba moja. Mmoja akiingia, mwenzake hutoka. Siku wakiingia pamoja, huvunjana vichwa."

Mhina alikuna kichwa. Akasema mwezi na jua, akakosa. Akasema panya na paka, dada yake akacheka.

"Nipe mji," alidai Bi Mwaija.

"Nakupa Handeni."

"Handeni Mdachi amejenga boma, siwezi kugombana naye. Nipe mwingine."

"Basi chukua Sindeni."

"Sindeni nimeipokea kwa mikono miwili, ndiko atokako mkwe wangu. Jibu ni michi miwili katika kinu. Na wewe, mwanangu, ugonjwa wa gari lako ni huo huo. Kila siku nakusikia ukishusha mchi wakati mwenzako hajainua wake. Njoo ushike huu."

Mhina aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi? Mwanamume mzima nishike mchi? Manundu yote wataniimba!"

"Walikwisha kukuimba ukiwa umeshika usukani," alijibu mama yake. "Unachokitaka kiko chini, baba, nawe umesimama wima kama nguzo ya simu. Utakiona wapi?"

Maneno hayo yalimchoma Mhina kuliko wimbo wa wapagazi. Alitazama ua: jirani walikuwa wamekwisha kuchungulia. Akatazama gari. Kisha akavua kanzu, akakunja shuka kiunoni, akainama, akaushika mchi.

Lo! Pigo la kwanza, michi iligongana ka! na mahindi yakaruka hadi kwa kuku. La pili nusura limponde Rehani vidole.

"Una haraka ya kushusha," Rehani alimwambia. "Ukishainua, usishuke kwanza. Ning'inia hapo juu kidogo. Ngoja wangu uguse chini, halafu ndipo uje."

Ning'inia kidogo! Mhina aliyarudia maneno hayo huku akitwanga. Jirani walicheka, mmoja akauliza kama na maji atakwenda kuchota, lakini hakuinua uso. Jua lilipopanda, michi ilikuwa ikipishana, tu-tu, tu-tu. Ghafla aliutupa mchi akakimbilia gari.

Sasa hakuivuta fimbo moja kwa moja. Aliitoa gia ya kwanza, akaiacha fimbo katikati, mahali pasipo na gia yoyote, akaachia kanyagio. Akaning'inia hapo, akisikiliza injini ikipunguza mlio kama mchi unaoshuka. Ulipofika chini, akakanyaga tena, akaisukuma fimbo kwa vidole viwili tu. Gia ya pili iliingia bila kelele, kama kijiko ndani ya uji.

"Mama! Imeingia!"

"Nimesikia," Bi Mwaija alisema, wala hakuacha kutwanga. "Sasa rudi kutoka ya pili kwenda ya kwanza, maana milima ipo."

Hilo lilikuwa gumu zaidi. Katika kushuka gia, injini ilitaka kwanza ipewe moto pale katikati, ipandishe mlio, ndipo meno yakubaliane. Mhina alikosea, akarudi kinuni, akarudi garini, siku baada ya siku. Mikono ikaota malengelenge, ya mchi na ya usukani pamoja.

Siku ya Idi ikafika. Mara baada ya sala Mhina alivaa kanzu mpya, akavuka daraja la Korogwe ya Zamani huku akibadili gia mbele ya macho ya watu, laini kama samli. Gari lilinyoosha pua kuelekea Sindeni, vumbi likabaki nyuma kama mkia wa nyota. Nyani wa msituni waliacha kula wakatazama.

Lakini mbele yake kulikuwa na kilima ambacho wapagazi walikiita Tua-Mzigo, kwa kuwa hakuna kichwa kilichokipanda bila kupumzika. Huko Isihaka na watu wake walikuwa wametangulia tangu jana yake, wamekaa kando ya njia na kamba yao imekunjwa vizuri.

"Karibu, mtani!" Isihaka alipaza sauti gari lilipoanza kupanda. "Kamba yako hii hapa, nimeipaka hata mafuta!"

Wapagazi wakaanza ule wimbo wa miguu arobaini. Gari likapunguza mwendo, injini ikaanza kuguna. Gia ya pili ilikuwa imeshindwa, ya kwanza ilitakiwa. Mhina alivuta fimbo kwa hasira, kama zamani. Krrrrr! Fimbo ikatemwa, ikarudi katikati. Gari likawa linasitasita, karibu kurudi nyuma, na Isihaka akasimama, kamba mkononi.

Hapo Mhina alimwona Tatu moyoni mwake, akauacha wimbo upite. Aliinama mpaka sikio likakaribia fimbo ya gia. Wapagazi walidhani anaficha aibu. Kumbe alikuwa akisikiliza. "Ning'inia," alijiambia. Akaachia kanyagio, akaipa injini moto ikapiga kelele, akakanyaga tena. Tu! Gia ya kwanza ikaingia.

Gari lilinguruma kama simba, likaukwea mwinuko hatua kwa hatua, likampita Isihaka na kamba yake, likafika kileleni na kutokomea upande wa pili. Wimbo ulikatika katikati. Kisha mpagazi mmoja akashindwa kujizuia, akapiga kofi, na wote wakashangilia, maana hakuna aliyekijua kilima kile kuliko wao.

Sindeni nzima ilikuwa njiani. Mzee Sadala alilizunguka gari, akapapasa pua yake kutafuta alama ya kamba, asiione. Akanyooka.

"Nani amekufundisha, Mhina?"

Wanaume wote walikuwa wakimtazama. Mhina angeweza kumtaja yule Mdachi, na nani angemkanusha? Lakini alijibu, "Ni mama yangu, mzee. Kinuni. Nilishika mchi mbele ya Manundu nzima."

Halafu nyuma ya ua wa mabua kicheko cha Tatu kikatoka, kitamu kama mua, na vigelegele vya wanawake vikafuata.

"Mwanamume aliyeinama kwa mama yake," alisema Mzee Sadala, "hatampandia kichwani binti yangu. Ndoa ni juma hili."

Harusi ilipokwisha, Tatu alipanda gari akaketi kando ya mumewe. Mama yake Tatu alileta kinu kipya na michi miwili, zawadi ya bibi harusi, lakini hapakuwa na cha kukifungia nyuma ya gari. Isihaka, aliyekuja kula pilau kama watani wote, aliishusha kamba begani.

"Chukua, mtani," alisema. "Nilijua tu kamba hii italifunga gari lako."

"Na wewe njoo Manundu," Mhina alimjibu akicheka. "Kilima nimekwisha kukipanda, sasa nitafunga mkokoteni nyuma, mizigo mizito itapanda nami, na nahitaji mtu anayeijua njia."

Walipoingia Manundu, Bi Mwaija alisimama mlangoni akisikiliza gia zikishuka moja baada ya nyingine, bila mkwaruzo hata mmoja. Mhina alishuka na, kabla ya kumsalimu mtu mwingine yeyote, aliinama mbele ya mama yake, mgongo umepinda vizuri na uso unacheka. Hakuna aliyemwimba siku hiyo. Cha mvunguni kilikuwa mkononi mwake, naye alikipata kwa sababu alikubali kuinama; kwani kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.