Mtandao Usioganda

Wapendwa, kabla sijaingia katika neno la leo, niwaeleze habari za bwana mmoja aliyehamia nyumba yake mpya, kule pembezoni mwa mji, ambako barabara bado ni vumbi na majirani bado wanajenga. Alihamia na mkewe na mama yake mzazi. Mama huyo kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Daktari alishasema, "Azungumze na watu wake mara kwa mara, asije akawasahau." Na aliyempenda kuliko wote ni binti yake wa mwisho, anayefanya kazi Uarabuni, ambaye kila Jumapili alikuwa akimpigia simu ya video.

Sasa kule walikotoka, siku moja picha iliganda. Binti akabaki mdomo wazi, kimya, hapepesi macho. Mama akapiga ukunga, "Mwanangu amekufa!" Kutwa nzima hakubembelezeka. Bwana yule akaapa moyoni: hili halitatokea tena. Nyumba mpya itafungwa mtandao usioganda, na mpaka ufungwe, mama hataunganishwa na mtu. Nia yake ilikuwa njema, jamani. Shikeni hapo.

Akaanza kutafuta. Kampuni ya waya ikamwambia nguzo zinakaribia mtaani kwake, avute subira. Kampuni ya ruta ya laini ikamhakikishia kasi ipo, lakini jirani akamnong'oneza kwamba jioni, watu wakisharudi kutoka kazini, hata ujumbe mfupi hauendi. Ya dishi ikataka mkataba wa mwaka mzima. Mwaka mzima! Na mvua ikinyesha je? Mtu wa watu akakosa hata hamu ya kula. Akapanda juu ya bati na simu mkononi, anatafuta mnara uko upande gani, mkewe chini anamshikia ngazi huku akinung'unika. Kila akikaribia kutia sahihi, anaweka kalamu chini: nikikosea je?

Mama akamwita kutoka sebuleni. "Baba, hivi mdogo wako hapigi siku hizi? Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, mama. Natafuta mtandao mzuri, ili umwone vizuri."

"Mimi sina haja ya kumwona. Nipigie kwa hiyo simu yako, nimsikie tu."

"Subiri kidogo, mama."

Na binti naye kule aliko akawa anatuma ujumbe: "Kaka, nipe mama hata dakika moja." Akajibiwa vilevile: subiri kidogo. Baadaye mama akaacha kuuliza. Bwana akashukuru, akadhani ametulia. Ninyi mnadhani alikuwa ametulia?

Nguzo zikafika. Fundi akafunga, taa za ruta zikawaka zote kijani. Jumapili ile binti akatokea kwenye luninga kubwa ya sebuleni, picha safi, mpaka hereni masikioni unaziona.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu kwa upole. Akamtazama, akamtazama tena. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mtoto wako, mama."

Mama akacheka kwa adabu, kama tunavyomchekea mtoto wa watu mwenye utani. "Haya. Wasalimie nyumbani kwenu."

Picha haikuganda hata kidogo.

Wapendwa, msimcheke bwana yule. Ni sisi wale tulioko juu ya bati. Una baba kijijini, umesema utamwendea ukishapata gari. Una ndugu mmegombana, unangoja kikao cha familia mpatane kwa heshima. Hata Mungu tumemwambia asubiri: tutaomba vizuri nyumba ikiisha, watoto wakimaliza shule, akili ikitulia. Sala ya kukatikakatika tunaionea aibu. Nani alitwambia Yeye anataka picha safi? Anataka kusikia sauti yako.

Inaniuma kusema hili, lakini simu ya bwana yule ilikuwa mfukoni siku zote zile, ina chaji, ina salio. Na zetu je? Ibada ikiisha leo, usingoje ufike nyumbani penye mtandao mzuri. Simama hapo nje kwenye vumbi, piga. Ikikatika, piga tena.